Naomba ushauri: tarehe ya jana kwenye Linux na macOS

Habari zenu wakuu. Nina skripti ya sh ya kuhifadhi nakala za hifadhidata. Kwenye Linux inakwenda vizuri, kwenye Mac za wenzangu inagoma. Suala la sed -i (amri ya kubadilisha maandishi ndani ya faili lenyewe) nimelimaliza kwa kuandika sed -i.bak, pande zote zinaikubali. Kilichonishinda ni tarehe ya jana: Linux inataka date -d yesterday, macOS inataka date -v-1d, na POSIX (kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix) haina hata moja kati ya hizo. Inasikitisha, maana kiwango hicho ndicho nilichokitegemea.

Je, kuna njia ya kuipata kwa amri za POSIX pekee? Au wenye Mac wote waweke coreutils za GNU (amri za msingi kama zile za Linux)? Kuuliza uname (amri inayotaja mfumo unaotumika) kila mahali sipendi kabisa. Natanguliza shukrani.