Kauli zote za kweli, hitimisho la kweli, halafu hoja ni "batili"? Naomba ufafanuzi

mdahalo_nyegezi
Wakuu, wanafunzi wa mdahalo wamekwama hapa.

Hoja A: Samaki wote wana magamba. Kambale ni samaki. Kwa hiyo kambale ana magamba.

Hoja B: Sato ni samaki. Baadhi ya samaki wanaishi Ziwa Victoria. Kwa hiyo sato anaishi Ziwa Victoria.

Majibu waliyopewa yanasema A ni halali, B ni batili. Kambale ana ngozi tupu, hata mtoto wa Kirumba anajua. Na sato wa ziwani wamejaa pale mwaloni. Inakuwaje ya uongo ipite, ya kweli ikataliwe?

La pili: "Kukiwa na mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani. Jana hawakuingia. Basi kulikuwa na mbalamwezi." Hii nayo vipi?

hoja_kwa_hoja
Majibu waliyopewa ni sahihi, mkuu. Neno "halali" ndilo linalowachanganya. Ukipima uhalali unauliza swali moja tu: tukizikubali kauli za mwanzo, hata kwa kujifanya, je, hitimisho linaweza kuwa la uongo? Kwenye A haliwezi. Kama kweli samaki wote wangekuwa na magamba, kambale asingekwepa. Kasoro ya A imo kwenye kauli ya kwanza, na hilo ni swali la mtu wa samaki, si la mtu wa mantiki. Tena A ina faida: hoja ikiwa halali na hitimisho lake ni la uongo, una hakika kuwa angalau kauli moja ya mwanzo ni ya uongo. Hapo unarudi nyuma kuitafuta.

B ipime hivi. Bakiza umbo lake, badilisha jina. Toa sato, weka papa: "Papa ni samaki. Baadhi ya samaki wanaishi Ziwa Victoria. Kwa hiyo papa anaishi Ziwa Victoria." Kauli mbili za kweli, hitimisho la uongo. Umbo limevuja. Hitimisho la sato lilikuwa kweli kwa sababu tunamjua sato, kauli zile mbili hazikuchangia chochote.

Kwenye mdahalo hii ndiyo silaha nzuri kuliko zote, na sijui kwa nini haitumiki zaidi. Mpinzani akileta hoja yenye umbo bovu, usibishane naye kuhusu mada yake. Jenga hoja pacha yenye umbo lilelile, ambayo kila aliye ukumbini anajua hitimisho lake ni upuuzi. Ila angalia umbo liwe lilelile kabisa: "baadhi" ibaki "baadhi", na neno linalojirudia libaki mahali pake. Wengi huharibu hapo, wanageuza "baadhi" kuwa "wote" bila kujijua.

Hoja yenye vyote viwili, umbo halali na kauli za kweli, tunaiita hoja thabiti. A ina umbo bila ukweli, B ina ukweli bila umbo.

mama_wa_igoma
La dagaa hilo ni batili. Hawakuingia, sawa, lakini labda upepo ulikuwa mkali, mafuta yaliisha, au uvuvi umesimamishwa. Mbalamwezi ni sababu mojawapo tu.

Kwa kauli hiyo ya "kukiwa na" mnaweza kwenda njia nne:
– Kuna mbalamwezi, basi hawajaingia. Halali.
– Wameingia, basi hakuna mbalamwezi. Halali.
– Hawajaingia, basi kuna mbalamwezi. Batili.
– Hakuna mbalamwezi, basi wameingia. Batili, kwa sababu zilezile za upepo na mafuta.

Kauli ingekuwa "hawaachi kuingia *ila* kukiwa na mbalamwezi", ile ya tatu ingekuwa halali na ya kwanza ingekufa. Neno dogo, kazi kubwa.

mdahalo_nyegezi
Asante sana mama. Ila wapo wanaoingia hata mwezi ukiwa mpevu, si hawakosekani?

hoja_kwa_hoja
Hawakosekani. Taa huvuta dagaa vizuri gizani, mwezi ukiwaka zinafifia, ndiyo maana wengi hupumzika, lakini hakuna aliyefungwa kamba. Kwa hiyo kauli ya kweli ni "kwa kawaida hawaingii". Ukishaweka "kwa kawaida", zile njia mbili halali zinashuka daraja: zinakuwa hoja za uwezekano. Mtumbwi mmoja ulioonekana majini haukuthibitishii tena kuwa kulikuwa na giza.

kalamu_ya_ziwa
Naongeza mtego wa Kiswahili chetu. "Wavuvi wote hawajarudi." Ina maana hakuna hata mmoja aliyerudi, au wamerudi baadhi? Watu huisikia kwa namna zote mbili, na midahalo mingi huvunjika hapo. Walazimisheni wanafunzi waseme ama "hakuna mvuvi aliyerudi" ama "si wavuvi wote waliorudi". Kukanusha "wote wamerudi" kunahitaji mvuvi mmoja tu aliyebaki ziwani. Anayekanusha kwa kusema "hakuna aliyerudi" amejitwisha mzigo wa bure, maana mpinzani akimleta mmoja aliyefika nchi kavu, kwisha habari yake.

mdahalo_nyegezi
Hiyo ya "wote hawa-" naanza nayo kesho, kabla ya kambale.