MREJESHO: Maktaba yetu Mtwara kutaka kuuzwa

Wakuu, niliuliza tufanyeje jengo la maktaba lisiuzwe kujengwa maduka. Ahsanteni kwa majibu, nayaweka hapa kwa wenye shida kama yetu. Anzeni na upekuzi (kukagua kumbukumbu za umiliki wa ardhi) kwa Msajili wa Hati, mkiwa na namba ya kiwanja na kitalu. Hapo ndipo mmiliki halisi anajulikana. Muhtasari wa kikao kilichojadili kuuza jengo uombwe kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: siku 30, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Mkienda mahakamani, ni notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki kwanza, hata kwa halmashauri, na Mwanasheria Mkuu aunganishwe kwenye kesi. Ukiruka hapo kesi inaondolewa kabla ya kusikilizwa. Ahadi ya "maktaba mpya" msiipokee bila mkataba: maktaba ya Donnell ya New York ilifungwa 2008, mbadala wake ukafunguliwa 2016, sehemu kubwa chini ya ardhi.