Otopailoti ya kana kwenye boti ndogo ya matanga: tupeane uzoefu

Kanamkononi

Salaam wakuu. Nasafiri peke yangu kwenye boti ya matanga ya futi 24, usukani wake ni wa kana, ule mti mrefu unaoushika kugeuza usukani. Misimu 5 nimeishika kana kwa mkono, kwa goti, kwa kiuno. Mnaosafiri peke yenu mnajua: ukiiachia uende mlingotini kupunguza tanga, hujahesabu kumi boti imeshageuka kuukabili upepo na matanga yanapigapiga. Msimu huu nimefunga otopailoti, kile kimkono cha umeme kinachosukuma na kuvuta kana. Kila aliyekitumia aeleze yaliyomkuta. Naanza na langu, maana nilitoboa boti yangu mara mbili.

Kazi yote iko kwenye vipimo viwili. Kwa ST1000 na ST2000, otopailoti za kampuni ya Raymarine, pini ya kwenye kana inakaa milimita 460 kutoka katikati ya mhimili wa usukani, na tundu linalopokea kitako cha kifaa linakaa milimita 589 kutoka mstari wa katikati wa boti. Kifaa kilale sawasawa, na kana ikiwa katikati vikutane kwa pembe mraba. Nilipima kwa makini, ila kana yenyewe ilikuwa imeelemea kushoto kidogo na sikuitazama. Nikatoboa benchi. Baharini nikaona mkono unafika mwisho wake upande mmoja, usukani haujageuka vya kutosha. Ikabidi nizibe tundu kwa epoksi, ile gundi inayokauka ikawa ngumu, nisubiri ikauke, nianze upya.

Mara ya pili nilifunga kana katikati kwa kamba mbili, moja kila upande, nikakata ubao wenye urefu wa kifaa mkono ukiwa umetoka nusu, nikautumia kama kipimo. Na kama benchi lako lina mbao ndani ya faibaglasi, toboa tundu kubwa kuliko linalohitajika, lijaze epoksi, kisha toboa tena ndani ya hiyo epoksi. Mbao ikishakunywa maji inaoza kimyakimya.

Tezi

Mkuu, umefanya vyema kuanza na vipimo. Mimi yangu ilikuwa umeme. Kifaa kilikuwa kinajizima katikati ya kazi, tena wakati upepo umekaza, yaani pale hasa ninapokihitaji. Nilikilaumu kwa mwezi mzima. Nilipochukua mita ya umeme na kupima kwenye plagi huku mkono unasukuma, nikaona volti zinaporomoka. Aliyenifungia alitumia waya mwembamba wa milimita mraba 0.75, na kutoka betri hadi tezini, nyuma ya boti, ni mita 7. Kwenda na kurudi ni mita 14. Mota ikivuta ampea 3, waya ule peke yake unakula karibu volti 1, na betri iliyochoka haina volti ya kupoteza. Nimeweka waya wa 2.5, upotevu umeshuka hadi kama volti 0.3, na hakijajizima tena. Fyuzi iwe karibu na betri.

Tazameni plagi pia. Ya kwangu inakaa mahali wimbi linapomwagika, na vile vipini vya shaba viliota ukijani. Sasa navipaka grisi na kuvifunika kila ninapotia nanga.

Kuhusu betri, piga hesabu kabla ya safari ndefu. Kwa wastani wa ampea 1, siku nzima inakula saa-ampea 24. Bahari ikichafuka mota inafanya kazi zaidi na hesabu inapanda.

Dirambili

Naongeza dogo lakini lilinitia hofu. Boti ilikuwa inashika njia vizuri, ghafla ikakata kulia kama digrii 25 na kutulia huko, kifaa kikiwa kimeridhika kabisa. Ndani ya kifaa mna dira ya elektroniki, na mimi nilikuwa nimeweka spika ya redio kwenye benchi, kando yake. Nilipoiondoa, boti ikarudi yenyewe. Tangu siku hiyo spika, simu, sanduku la spana, vyote vinakaa zaidi ya mita 1, na kabla ya kuondoka nafungua hata kabati lililo chini ya benchi. Dira yake pia isahihishwe kwanza: siku ya maji matulivu zungusha boti polepole sana, kama kijitabu chake kinavyoelekeza.

Bisho

Wakuu, nataka niseme jambo ambalo lingeniokolea misimu miwili kama ningeambiwa mapema. Kifaa hiki kinasukuma kana, hakijui kuendesha boti. Nilikuwa naweka matanga yote, upepo unapanda, boti inalala na kupania kugeukia joshini, yaani upepo unakotoka, nami nimeishikilia kwa mkono wenye nguvu bila kuhisi ubaya. Nikimkabidhi huyu mdogo kazi ile ile, anapiga kelele mfululizo, mkono umetoka hadi mwisho, na boti bado inakwenda mrama.

Siku moja, kwa uchovu tu, nilipunguza tanga kubwa kabla ya kumwashia. Ukimya ukaingia. Anasukuma kidogo, ananyamaza, anavuta kidogo. Mwendo haukupungua hata robo noti (noti 1 ni maili moja ya baharini kwa saa). Sasa nina mtihani wangu: kabla ya kubonyeza kitufe, nashika kana kwa vidole viwili. Vikichoka, matanga hayajakaa sawa. Nalegeza demani, yaani kamba ya kuvutia tanga kubwa, isipotosha napunguza tanga, kisha napima tena. Ninapoona mkono wake unakaa upande mmoja kwa muda mrefu, hiyo ni salamu kwangu kwamba matanga yanataka kuguswa.

Halafu kuna ule mpangilio wa ukali, yaani ageuze usukani kiasi gani boti ikitoka njiani. Ukiuweka juu mno, mkondo nyuma ya boti unakuwa kama njia ya nyoka, umeme unaisha na mota inachoka. Ukiuweka chini mno, boti inapotea kwanza ndiyo anakumbuka. Mimi nashusha kwenye maji matulivu, napandisha kidogo bahari ikiamka.

Kazi anayoishindwa ni mawimbi yanayokuja kwa mshazari kutoka nyuma. Wimbi linanyanyua tezi na kuitupa kando, na dira inamwambia habari hiyo baada ya jambo kutokea. Mtu anahisi wimbi kwenye makalio kabla halijafika. Yeye hana makalio. Hapo nazima, nashika mwenyewe. Wakati mwingine nimeshusha tanga kubwa lote nikaacha la mbele tu livute boti, akaweza.

Kupindua, yaani kugeuza boti ili upepo uhamie upande wa pili wa matanga, nako peke yangu kumekuwa raha. Nabonyeza vitufe viwili vya upande mmoja, cha digrii 1 na cha 10, yeye anageuza na mimi mikono yote miwili iko kwenye kamba za tanga la mbele.

Omo

Samahanini nikigeuza maongezi. Rafiki yangu alianguka majini akiwa na kifaa hiki kimewashwa. Alikuwa na mwenzake amelala chini, na kwa bahati alimsikia akipiga kelele. Fikirieni boti inayokwenda noti 5: kwa dakika 1 iko mita 150 kutoka kwako, na ukiwa majini, katikati ya mawimbi, hiyo ni mbali mno. Zamani ukiiachia kana boti ilielekea kugeuka na kusimama. Ukiwa na otopailoti haisimami. Inashika njia ile ile uliyoiamuru.

Mimi sitoki kwenye benchi bila mkanda wa usalama uliofungwa kwenye boti, hata bahari ikiwa kama kioo. Naburuta pia kamba nyuma, ncha yake imefungwa ili nikiivuta ing'oe mkono wa kifaa kwenye pini. Nimeijaribu na mtu mwingine akiwa ndani ya boti, inafanya kazi, ila kuikamata ukiwa majini ni shughuli. Na jingine: kanuni ya 5 ya kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini za mwaka 1972 inadai kila chombo kiwe na mtu anayetazama wakati wote. Kifaa hakina macho.

Jahazini

Wanangu, mimi ni wa zamani kidogo. Kabla ya umeme nilifunga kamba kutoka demani hadi kana upande mmoja, na mpira wa kuvutika upande wa pili. Boti ikipanda joshi, demani inakaza na kuvuta kana kuirudisha. Upepo ukilegea mpira unafanya kazi yake. Inachukua saa nzima kuizoea boti yako. Hata mwaka 1960, baharia Mwingereza Francis Chichester aliposhinda mashindano ya kwanza ya kuvuka Atlantiki mtu mmoja mmoja, usukani wake ulishikwa na pezi la upepo, kifaa kinachoendeshwa na upepo wenyewe, alilolipa jina Miranda. Bado nina ule mpira kabatini, na betri ikifa najua nitafanya nini. Ndugu Bisho amesema kweli: kamba ile haikukubali hata siku moja matanga yasiyokaa sawa.

Kanamkononi

Shikamoo mzee Jahazini, na asanteni nyote. Mtihani wa vidole viwili nimeujaribu leo asubuhi. Vilichoka ndani ya dakika 2. Nikapunguza tanga, vikapumzika. Lakini bado kifaa kinasukuma na kuvuta bila kutulia hata maji yakiwa shwari na ukali ukiwa chini. Nilipotikisa kana nikaona inapwaya kwenye kichwa cha usukani karibu sentimita 2 kabla usukani haujasogea. Kesho nafungua bolti niweke bushi mpya, ile pete inayojaza uwazi kwenye kiungo. Kuna aliyekutana na mpwayo huu?

Tezi

Ndiyo, mkuu, huo ndio. Anasukuma hewa, anadhani amegeuza, kisha anarudi. Badilisha bushi kwanza, usiguse ukali. Na kabla ya kurudi nyuma kwa injini bandarini, mng'oe kwenye pini. Boti ikirudi nyuma usukani unajibu kinyume naye hajui.