Mdogo wangu kaambiwa ana sonona bila kupimwa hata damu. Ugonjwa wa akili unajulikanaje?

Mama Shani
Wakuu, salamu kwenu. Naenda kwenye mada moja kwa moja maana nimechoka.

Nina mdogo wangu wa kiume, anafanya shughuli za dagaa hapa Kigoma, mwalo wa Kibirizi. Tangu mvua zianze akawa mtu wa kujifungia ndani. Chakula hagusi, kuoga mpaka umsukume, mwaloni haendi. Zahanati wakasema malaria, akameza mseto. Wakasema taifodi, akachomwa sindano. Wapi! Tukaenda hospitali. Daktari kamuuliza maswali, akatuuliza na sisi, kisha akaandika sonona na kumpa vidonge vya amitriptilini, ameze usiku. Damu hakutoa, picha ya kichwa hakupiga. Maswali tu.

Sasa wiki hii kachangamka ghafla. Anaongea mpaka alfajiri, anacheka, anapanga mipango. Mama anashukuru, anasema mtoto kapona. Mimi moyo umegoma. Kabla ya hapo hakuwa na tatizo lolote. Naomba kujua: ugonjwa wa akili unathibitishwaje bila kipimo? Tusije tukawa tunamlisha mtoto wa watu sumu.

Kijana wa Gungu
Pole sana dada. Navuta kiti nisubiri wataalamu.

Mzee Baraka
Sonona, sonona. Zamani tulilima, tukavua, tukazika, hakuna aliyekuwa na sonona. Vijana wameacha ibada, wameshika simu. Mrudisheni kwa Mungu, vidonge mtupe.

Umm Khalid
Mzee wangu, shikamoo. Mama yangu aliugua sonona na swala ya alfajiri haikumpita hata siku moja. Aliswali analia. Usiwatwishe wagonjwa dhambi wasiyoitenda.

Binti wa Kasulu
Dada, kuhusu vipimo usinyamaze. Shangazi yangu alikuwa hatulii, hasira za ghafla, mikono inatetemeka, jasho, anakonda huku anakula kuliko sisi wote. Ukoo ukasema mke mwenza kamfanyia kitu. Tukahangaika naye, mbuzi wakaisha zizini. Siku moja mganga msaidizi wa kituo cha afya akamtazama shingo tu, akasema mpelekeni akapimwe tezi. Damu ikaonyesha homoni za tezi ziko juu sana. Alipoanza dawa za tezi akatulia, yule shangazi yetu akarudi. Mbuzi ndio hawakurudi.

Mnyamwezi wa Isevya
Huku kwetu Tabora mwanangu alianza kuongea maneno hayaeleweki, anamtukana bibi yake, anataka kuruka dirishani. Majirani wakasema kapandisha mashetani. Kumbe malaria imepanda kichwani! Angelala kwa mganga usiku ule tungezika. Kwa hiyo dada, dai vipimo. Halafu hivi bei ya dagaa wa Kigoma kwa gunia ikoje sasa? Nicheki faragha.

Muuguzi Mstaafu
Mama Shani, nimefanya kazi wodi ya akili miaka mingi, nisikilize kidogo.

Hakuna kipimo cha damu wala picha kinachosema huyu ana sonona, yule ana skizofrenia. Hakipo Kigoma, hakipo Muhimbili, hakipo London. Kazi ya vipimo ni kuondoa magonjwa mengine yanayoweza kujifanya ugonjwa wa akili, kama waliosimulia hapo juu: malaria, tezi, sukari kushuka, kaswende ya siku nyingi, VVU, kifafa, pombe, bangi. Kwa hiyo una haki ya kuuliza kwa nini havikufanyika. Lakini vikitoka safi vyote bado jina la ugonjwa hujalipata.

Jina linapatikana kwa historia. Dalili zipi, zilianza lini, zimedumu muda gani, zimeharibu nini katika maisha yake. Wenzetu wana miongozo miwili mikubwa: orodha ya magonjwa ya WHO, toleo la 11, lililoanza kutumika Januari 2022, na ule wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013. Kwa huo wa Marekani, sonona inahitaji dalili zisizopungua 5 kati ya 9, karibu kila siku kwa wiki 2, na mojawapo lazima iwe huzuni au kukosa hamu na mambo uliyokuwa unayapenda. Daktari akiwa anauliza, macho nayo yanapima: mgonjwa kavaaje, anaongea haraka au anaburuta, anarukaruka kutoka jambo hili kwenda lile, anasikia sauti, anajua leo ni siku gani, mwenyewe anajiona mgonjwa au la. Kisha anageukia ndugu, kwa sababu mgonjwa hawezi kusimulia yote.

Sasa nikuulize. Kabla ya kujifungia ndani, aliwahi kupitia kipindi cha kinyume chake? Halali na wala hachoki, maneno mengi, pesa zinamtoka, mipango mikubwa?

Mama Shani
Asante muuguzi. Alikuwa mchangamfu kama kijana yeyote mwenye pesa ya dagaa. Hilo naona halihusiani. Shida yangu ni hizo dawa na kipimo.

Muuguzi Mstaafu
Linahusiana kuliko yote uliyoandika, dada yangu. Daktari aliwauliza hilo swali?

Binti wa Kasulu
Dada jibu tu. Hapa hakuna anayekujua.

Mama Shani
Aliuliza. Mama akajibu hapana. Mimi nilikuwa pembeni, nikanyamaza.

Haya, nasema. Mwaka jana mwishoni kulikuwa na kipindi, zaidi ya wiki mbili. Alichukua mashine ya boti kwa mkopo wakati mtumbwi wenyewe ni wa kukodi. Akawaahidi manahodha watatu mishahara, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Saa tisa usiku anapigia watu simu kuwaambia habari za meli atakayonunua. Usiku mmoja wa mvua nilimkuta mwaloni anapaka mtumbwi rangi ya buluu kwa taa ya simu, maji yanaiosha, naye anairudishia palepale, anaimba. Nyavu mpya kagawa bure. Baadaye ikazimika yenyewe, tukasema ni ujana.

Na kuna mjomba wetu, mdogo wake mama. Alikuwa akipelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, mara kwa mara mpaka alipofariki. Hilo nalo hatukulisema.

Kabla hamjanishambulia, sikieni. Mdogo wangu kachumbia. Posa imepokelewa, mahari nusu imetoka, ndoa mwisho wa mwezi. Ukitamka Mirembe mbele ya watu, kesho Ujiji nzima wanajua. Nina wadogo wawili wa kike hawajaolewa. Nani atakuja kuchumbia nyumba ya wendawazimu? Mama kanisihi kwa machozi. Na Jumamosi anaanza kisomo kwa sheikh mmoja, tumeshatoa pesa ya mwanzo, yule sheikh anataka vidonge visimame wiki nzima ili kisomo kishike. Mimi naona ni afadhali, maana bibi harusi asikute pakiti za dawa.

Kijana wa Gungu
Duh. Kiti changu nimekisogeza nyuma.

Umm Khalid
Dada, kisomo hakimkatazi mtu dawa. Mtume, rehma na amani zimshukie, aliwaambia watu wajitibu. Anayekwambia acha vidonge ndio Qur'ani ifanye kazi, muulize yeye akiugua sukari anafanyaje. Asomewe na ameze, vyote pamoja.

Wakili wa Mwanga
Mimi nazungumzia hiyo ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 39: ndoa inaweza kubatilishwa kama wakati wa kufunga mmoja alikuwa anapatwa na wendawazimu wa kurudiarudia au kifafa. Mwenzake akithibitisha kwamba hakujua, anaweza kwenda mahakamani ndani ya mwaka mmoja. Lugha ya sheria ni ya zamani na inaumiza, lakini iko hivyo. Mnachokificha ili ndoa ifungwe ndicho kinachoweza kuivunja.

Mama Shani
Wakili, huyo binti anampenda. Akishaolewa atamvumilia, wanawake wangapi wamevumilia makubwa kuliko hayo? Mimi sioni nimekosa wapi kuilinda familia yangu. Daktari hatalea wadogo zangu.

Binti wa Kasulu
Huyo binti naye ana kwao, dada. Ana mama. Angekuwa Shani wako je?

Jicho la Tatu
Wakuu amkeni, hii chai. Tena imekolezwa tangawizi. Mwanzo kasema hakuwa na tatizo lolote. Mara alikuwa mchangamfu. Alipobanwa, ghafla kuna mashine, manahodha, mjomba wa Mirembe na harusi juu! Kila anayeuliza anapewa sura mpya ya hadithi. Halafu mvuvi wa dagaa kukesha usiku ni dalili ya nini? Dagaa wanavuliwa usiku. Mwandishi hata ziwa halijui.

Mnyamwezi wa Isevya
Hapo kwenye kukesha Jicho kanena. Hebu mleta mada atujibu.

Mama Shani
Jicho la Tatu, mimi nimezaliwa kando ya hilo ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu, mitumbwi inapandishwa, watu wanalala, wanashona nyavu, wanaenda kwa wake zao. Mdogo wangu hakulala mbalamwezi. Mwalo mzima umelala yeye anatembea mchangani peke yake anahesabu mitumbwi ya watu kwa sauti, anasema yote yake. Ndiyo maana niliogopa. Kama unadhani mtu anaweza kukaa atunge aibu ya ndugu yake, fikiri unavyotaka.

Baba Wawili
Jicho, umekosea kidogo. Mke wangu ana baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu juu kisha kumshusha chini kwenye sonona. Mimi mwenyewe nilimdanganya daktari mara ya kwanza, nikasema mke wangu ni mtu mtulivu, na huku alikuwa kauza cherehani yake na vyombo vya harusi yetu kwa siku moja. Habari za ugonjwa huu hazitoki zote kwa pamoja. Zinang'olewa. Alivyoandika huyu dada ndivyo tulivyo majumbani. Walimwita sonona miaka mingi, kila akipewa dawa analipuka. Siku niliposema ukweli ndio ugonjwa ukapata jina lake. Sasa anashona, tuna watoto wawili.

Jicho la Tatu
Hilo la mbalamwezi nimelikubali. Endeleeni.

Muuguzi Mstaafu
Mama Shani, mimi simwandikii mtu ugonjwa kupitia simu. Ila ulichokisimulia ndicho daktari alichokikosa. Wiki nzima au zaidi ya kuwaka namna hiyo, pesa na kazi vikaharibika, miongozo inaiita mania. Mania ikitanguliwa au kufuatwa na sonona, daktari anafikiria baipola, na mjomba wa Mirembe anaongeza uzito, kwa sababu baipola hufuata ukoo.

Hatari iko hapa: mwenye baipola akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurushwa kutoka chini hadi juu, na za jamii ya amitriptilini zinajulikana zaidi kwa hilo. Huku kuchangamka kwa wiki hii mnakokushangilia, na kuongea mpaka alfajiri, kunaweza kuwa mania nyingine inaanza. Usingoje Jumamosi. Kesho asubuhi nendeni, kama ni hospitali ya Maweni ulizia kitengo cha afya ya akili. Nenda wewe uliyemwona mwaloni, maana mama atasema hapana tena. Beba pakiti ya vidonge. Andika kwenye karatasi ile mbalamwezi ilikuwa mwezi gani, mashine ilikopwa lini, kujifungia ndani kulianza lini. Sema habari za mjomba. Omba na vipimo vya damu, tezi ikiwemo. Leo usiku piga simu hospitali uulize kama ameze au asimeze, usikisie. Na vidonge vyote vikae kwako, si chumbani kwake, amitriptilini ikizidi inavuruga mapigo ya moyo na inaua.

Zipo dawa za kutuliza pande zote mbili. Lithiamu imejulikana tangu John Cade alipoijaribu Australia mwaka 1949, na zipo nyingine kama kabamazepini. Akianzishiwa lithiamu, hiyo damu unayoililia itapimwa mara kwa mara, kujua dawa imefika kiasi gani mwilini.

Mama Shani
Nimepiga. Aliyepokea kasema asimeze ya leo, tufike asubuhi. Vidonge nimevichukua, viko kwangu. Mama kanuna, kasema nikitaja jina la kaka yake hospitali nisirudi nyumbani. Nitalitaja. Kisomo nitamwambia sheikh tuanze akisharudi, na dawa zake mkononi.

Ila harusi sijaamua, msinisukume kwa hilo.

Wakili wa Mwanga
Si wewe wa kuamua, ni yeye na mchumba wake. Akitulia muulize mwenyewe anataka kumwambiaje.

Mama Shani
Anamsikiliza sana, yule binti. Jana usiku ndiye pekee aliyeweza kumwambia aketi, akaketi.

Binti wa Kasulu
Basi kashajua, dada. Nenda naye hospitali kesho.