Nguo za msichana wa Swafiya

Kikundi: Ukoo wa Bibi, Mkomani, Lamu
Alhamisi, baada ya isha

Swafiya: Asalaam alaykum nyote. Shangazi Rukia upo? Ile tamthilia yetu ya simu tunaanza kupiga mwezi ujao inshallah. Nataka unishonee nguo za mhusika mkuu. Ni msichana anayeandika hesabu kwenye ofisi ya mizigo ya majahazi, watu wanamcheka. Mwanzo awe ovyo, nguo mbovumbovu. Mwisho apendeze mpaka watu washike midomo 😍

Shangazi Rukia: Waalaykum salaam mama. Nipo, nakunja pindo hapa. Nguo mbovu mbona hazitaki fundi? Chukua tambara jikoni kwenu 😂

Swafiya: Shangaziii

Mama Mdogo Zena: Huyo ni Betty huyo, wa ile telenovela. Mtoto ameangalia Betty akaja kutuuzia sisi kwa jina jingine

Swafiya: Sikatai. Ami Athman ndiye aliyenipa kwenye fleshi, yule wa Kolombia

Ami Athman: Yule ndiye mama yao, Yo soy Betty, la fea. Aliandika Fernando Gaitán, ikaonyeshwa kwao Oktoba 1999 mpaka Mei 2001. Baadaye Wahindi wakatengeneza yao, Wajerumani yao, Wameksiko yao, Wamarekani yao. 2010 Guinness wakaiandika kuwa ndiyo telenovela iliyofanikiwa kuliko zote

Mama Mdogo Zena: Ya Wahindi ndiyo niliyoifuata mimi. Jassi. 2003 mpaka 2006. Mwigizaji wake Mona Singh walimficha sura yake ya kweli miezi na miezi, watu hata hawajui akivua miwani anakuwaje

Shangazi Rukia: Swafiya, umeangalia lakini hukutazama. Rudi sehemu za mwanzo, uzime sauti kabisa. Uangalie nguo tu

Swafiya: Nione nini?

Shangazi Rukia: Uone kwamba Betty hana hata nguo moja mbovu. Kola imenyooka. Vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Sketi imepita magoti. Koti la mabega mapana, la mtindo uliokwisha zamani, lakini safi na limepigwa pasi. Nguo ile imetoka kwenye nyumba ya Don Hermes, baba yake, ambaye ndiye anayepanga binti arudi saa ngapi na atoke na nani. Msichana amesomea uchumi na mambo ya fedha na bado anavaa kama anayekaguliwa mlangoni. Ukimvalisha wako matambara utakuwa umesema ni mchafu au ni maskini. Betty si mchafu

Ami Athman: 👏🏾

Shangazi Rukia: Halafu nywele. Zimekatwa mbele zikalala kwenye paji la uso, zimegandishwa hazitikisiki. Chini yake miwani mikubwa. Chini ya miwani, waya za meno. Hesabu mwenyewe, uso umebaki wapi? Na kazini wakamweka kwenye chumba cha stoo, kidogo, cha giza, pembeni ya ofisi ya Armando, mkubwa wake. Aliyetengeneza picha ile alifikiri. Chumba na nywele vinasema neno moja

Swafiya: Subhanallah. Mimi niliona kituko tu

Shangazi Rukia: Sasa mweke karibu na Patricia, yule katibu mwenzake wa ofisini

Mama Mdogo Zena: Patriciaaa 😂😂 nywele za dhahabu za chupa

Shangazi Rukia: Huyo. Kila siku kiatu kipya, nywele zimemwagika mgongoni, gari la Mercedes. Na hana hata pesa ya chakula cha mchana, madeni yanamfuata mpaka ofisini. Chuo alisoma mihula sita akaacha, lakini ataitaja mihula hiyo kila mlango unaofunguliwa. Sasa nani hapo amevaa vibaya?

Salma Mombasa: Samahanini nimechelewa, ndiyo kwanza natoka kazini. Patricia ninaye ofisini kwetu, sitaji jina 🤐

Bibi: Salma umekula?

Salma Mombasa: Nimekula Bibi, shikamoo

Bibi: Marahaba mwanangu. Mnamsema nani yeo?

Mama Mdogo Zena: Msichana wa kwenye TV Bibi. Swafiya anataka kumvalisha

Bibi: Amvishe buibui. Kwisha

Swafiya: Bibi sasa wote wakivaa buibui mtazamaji atajuaje nani ni nani?

Mama Mdogo Zena: Wewe umezaliwa wapi? Simama Usita wa Mui, njia kuu yetu, jioni uniambie hujui nani anapita. Wote weusi na tunajuana kabla hajafika. Kuna mwenye kukaza ushungi mpaka kidevu, kuna mwenye kuuachia unateleza kila hatua tatu ili aurudishe. Kuna pindo lenye mchanga wa Shela na pindo lililonyanyuliwa lisiguse kinyesi cha punda. Kiatu. Mkoba. Mkono wenye hina ya wiki iliyopita. Yule mke mpya wa jirani nilimjua ana huzuni kwa jinsi alivyoacha kujifukiza udi, akipita hewa tupu

Shangazi Rukia: Zena wewe ndiye ungeshona, si mimi

Bibi: Zamani zaidi wanawake wa daraja walitoka na shiraa. Kama hema, watumwa wameshika miti, bibi yuko ndani. Huoni mato wala mguu. Na mui mzima wajua ni nani yumo

Ami Athman: Basi Bibi kamaliza

Salma Mombasa: Mimi nina neno. Betty wa Kolombia simpendi mwisho wake. Anadanganywa na Armando, anasoma ile barua ya Mario Calderón, rafiki yake Armando, yenye maelekezo ya jinsi ya kumtongoza, moyo unavunjika, anakwenda Cartagena na Catalina Ángel kwenye mashindano ya urembo, anarudi amekatwa nywele na kuvishwa. Ndipo kila mtu anamheshimu. Yaani akili yote ile haikutosha mpaka saluni?

Mama Mdogo Zena: Sema Salma

Salma Mombasa: Wa Marekani ndiye wangu, Ugly Betty. Aliigiza America Ferrera, 2006 mpaka 2010. Siku ya kwanza ya kazi kwenye jarida la mitindo anaingia na poncho jekundu, lile vazi la kutupia mabegani, limeandikwa Guadalajara kifuani! Wenzake wote wembamba, rangi za kijivu. Yeye maua juu ya mistari, mistari juu ya madoadoa, na mkufu wa herufi B shingoni. Na anajipenda hivyo hivyo. Waya za meno zinatoka mwishoni kabisa, msimu wa nne. Nywele zinaboreka polepole, miwani inabadilika, lakini rangi zake haziachi. Ukimtazama 2010 unamwona bado yule wa poncho

Swafiya: Huyo poncho lake ni zawadi ya nyumbani sivyo? Anaonekana anavaa kwa mapenzi

Salma Mombasa: Ndiyo tofauti. Wa Kolombia nguo zinamficha. Wa Marekani nguo zinapiga kelele, yeye hasikii kwamba wengine wanaziba masikio

Shangazi Rukia: Salma umesema vizuri lakini umeruka pahala. Nakutumia voisi, mkono umeshika sindano

Shangazi Rukia: 🎤 (Swafiya ameiandika kwa ajili ya Ami Athman ambaye hana bando): «Hesabu zile za uongo, Betty alizomwandikia Armando kuficha hasara, zilifichuliwa lini? Betty alikuja kwenye kikao cha wenye kampuni, mbele ya wazazi wa Armando, mbele ya Marcela mchumba wake, akaweka wazi kwamba Ecomoda, kampuni yao ya nguo, imekwisha, kwamba mali imeshikwa na kampuni nyingine, Terramoda, na Terramoda iko kwa jina lake Betty. Siku hiyo alikuwa na nywele zile zile za kwenye paji. Miwani ile ile. Koti lile lile. Cartagena bado! Ushujaa wote aliufanya na nguo za Don Hermes mwilini. Cartagena alikwenda kulia na kupumua. Nguo mpya zilimkuta ameshakwisha kuwa mtu mwingine. Watu wa ofisini ndio waliochelewa, wakadhani ni nywele. Mimi napenda hapo, kwa sababu hata mtazamaji anachelewa pamoja nao.»

Salma Mombasa: ...

Salma Mombasa: Hapo umenibana shangazi. Lakini kwenye mapenzi bado sijakubali. Mwisho anaolewa na Armando yule yule, wanapata mtoto. Kwa lipi?

Mama Mdogo Zena: Hilo mshonaji hana dawa yake 😂

Ami Athman: Mimi ningemshtaki. Sahihi zile za mizania za uongo ni jela

Swafiya: Kwa hiyo kwenye yangu… ile sehemu msichana anamwambia tajiri wa ofisi mbele ya manahodha kwamba mizigo ya Mokowe inaandikwa nusu. Nilikuwa nimeiweka BAADA ya kupendeza. Kashaingia kavaa abaya ya mawe, wote kimya

Shangazi Rukia: Itoe. Iweke kabla

Mama Mdogo Zena: Avae lile lile la kuchekwa

Swafiya: Itakuwa na nguvu hivyo?

Salma Mombasa: Swafiya, abaya ya mawe wakinyamaza wamenyamazia mawe

Bibi: Na nywele za mwana wa watu mtazionyesha wapi? Nimesikia nywele, nywele. Simu hiyo itazunguka mpaka Faza

Swafiya: Bibi hilo ndilo linanikosesha usingizi. Mwenyewe amekubali kuigiza kwa sharti asitoe kichwa wazi. Na mamake amekuja kuniambia tena

Bibi: Mamake ana akili

Shangazi Rukia: Basi ushungi ndio nywele zake. Mwanzo tumpe mtandio wa poliesta, mzito, wa kahawia, mkubwa kuliko uso. Pini mbili chini ya kidevu na moja juu ya sikio, hageuzi shingo ila na mabega. Akiinama kuandika unamwangukia kwenye daftari, anausukuma na kalamu. Hiyo kalamu Swafiya uipige karibu, irudierudie. Buibui liwe la dada yake mkubwa, mikono imepita vidole, anaukunja mkono mmoja tu ili aandike. Mmoja tu, wa kulia. Wino kwenye kingo

Mama Mdogo Zena: Na buibui limefuliwa mpaka weusi umekwenda kwenye kijani. Tunazijua hizo

Shangazi Rukia: Lakini pasi ipo!

Mama Mdogo Zena: Pasi ipo, lazima

Salma Mombasa: Na mwisho?

Shangazi Rukia: Mwisho buibui ni lile lile. Nitalipunguza mikono tu, nikate nishone kwa kipimo chake. Mtandio uwe wa pamba laini, wa rangi moja, umezungushwa bila pini. Ageuze shingo. Atakayeona ataona

Swafiya: Na wale marafiki zangu wanaotaka mekapu na taa?

Shangazi Rukia: Waweke kwenye kupamba. Mnayo sehemu ya harusi sivyo? Yule binamu mwenye madeni, Patricia wako, mvishe huko kila kitu mpaka ashindwe kukaa. Wanja, kope za bandia, vikuba kichwani, dhahabu ya kukodi. Na msichana wako akae pembeni na gauni la kijani lisilo na shanga hata moja, anakula halwa kwa raha zake

Ami Athman: Huyo nampenda tayari

Swafiya: Shangazi bei gani? Usinikamue, tuko wanne na mfuko mmoja

Shangazi Rukia: Kitambaa leteni nyinyi. Gauni la binamu nitawatoza kama mteja, maana litanila usiku. Buibui la msichana halina ushonaji, lina kupunguza tu, hilo nakupa

Mama Mdogo Zena: Buibui lenyewe ninalo, la Mwana alipokuwa sekondari. Limekwenda kijani tayari

Swafiya: Allah awabariki jamani 😭 nimuambie aje lini?

Shangazi Rukia: Jumamosi baada ya alasiri, stima ikiwepo. Aje amevaa viatu atakavyovaa kwenye picha, nipime pindo kutoka hapo. Na usimwambie atembee vipi. Mwache tu apande ngazi zangu, nitamwangalia