Mjadala: Maendeleo ya mji mdogo tuyapime kwa miche iliyopandwa au kwa maji yaliyobaki?

Wadau, salamu kutoka upande wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Wiki iliyopita baraza la mji wetu mdogo lilitusomea ripoti ya kupendezesha mji: miti imepandwa pande zote za barabara kuu, taa za sola zimesimama, mitaro imejengwa kwa zege. Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza, na bado inaniuma.

Kesho yake niliitembea barabara ile. Viboma vya kukinga miche vipo, lakini ndani ya vingi mna kijiti kikavu na mavi ya mbuzi. Walihesabu miche siku ya sherehe. Baada ya kiangazi hakuna aliyerudi kuhesabu iliyoshika. Na ule mtaro wa zege unayashusha maji ya mvua kwa kasi hadi kwenye nyumba za bondeni, ambazo ripoti haikuzigusa kabisa.

Huko bondeni ndiko kwenye kisima chetu. Kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinalinda mita 30 kutoka ukingo wa mto mdogo, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa. Kwetu mikaratusi imefika majini. Zamani dada yangu alijaza jerikani ya lita 20 hata kiangazi. Sasa anachota kwa kikombe, anangoja maji yajikusanye, anachota tena. Mwisho wa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale, watu wakafa. Nilidhani tangu hapo tutaanza kuulizana habari za maji kabla ya taa.

Nasema tathmini ifanywe mwaka wa pili au wa tatu, na wa kwanza kuulizwa wawe wanaochota maji. Mnasemaje?

Mkulima wa bondeni: Kwa mbuzi nakuunga mkono, mwanangu. Mikaratusi uiache. Nguzo zake ndizo zilizomsomesha binti yangu. Nipe mti mwingine wa kuuza baada ya miaka mitano, kesho nang'oa.

Mama wa kamati: Nimewahi kukaa kwenye kamati kama hiyo. Mkandarasi hulipwa akishakabidhi kazi, basi mche ukifa si shida yake. Tulipendekeza sehemu ya pesa izuiwe mpaka miche ipite kiangazi kimoja. Halikupita.

Mleta mada: Asante, mama, hilo tulirudishe barazani. Mzee wangu, miti yako ya juu iendelee kukulisha. Mimi naongelea zile mita 30 tu. Ukipanda mianzi, inashika ukingo na mafundi wa ujenzi wanainunua.

Mkulima wa bondeni: Mita 30 kwangu ni nusu ya shamba. Nani atanifidia?

Mleta mada: Basi na hilo liandikwe kwenye ripoti: nani anapunguziwa ardhi, na anapata nini. Jumamosi asubuhi nakuja na kamba, mzee, tupime wote wawili.