Tupeane uzoefu: kambi ya likizo ilikubadilishaje ulipokuwa kijana mdogo?

Mama Zabibu: Wakuu, jana nimempeleka mwanangu wa kidato cha pili kambi ya likizo hapa Dodoma. Kushuka tu kwenye bajaji akaniambia, "Mama, usiingie ndani." Nikamkabidhi ndoo yake pale getini, nikarudi Nkuhungu roho juu. Mliopita huko, mlirudije nyumbani?

Kizota: Nilirudi najua kufua. Nilienda hata shati sijui kukamua.

Mrangi wa Kondoa: Ngoja niseme, nimelibeba miaka mingi. Nilikuwa na miaka 14 na bado nakojoa kitandani. Nyumbani nilishatembezwa mtaa mzima godoro kichwani, watoto wananiimbia nyuma. Kambini nikapangiwa kitanda cha juu. Usiku wa kwanza na wa pili sikulala, nakaa najifinya. Siku ya tatu tukapelekwa Kolo kuona michoro ya mapangoni. Tumepanda mlima kwa miguu, jua la utosi, maji nikayanywa kama ng'ombe. Usiku nikazimika. Nashtuka saa kumi, baridi ya Juni, upepo unapiga bati, halafu nasikia tone. Tone. Yanamdondokea mwenzangu wa chini. Nikatamani ardhi ipasuke. Jamaa akajipapasa shingo, akaninong'oneza, "Shuka tugeuze godoro kabla hawajaamka." Hakulitaja tena mpaka kambi inafungwa. Kulipokucha nikamfuata patroni mwenyewe: "Nakojoa kitandani. Naomba kitanda cha chini, na uniamshe saa saba." Mpaka siku ile aliyekuwa ananisemea kila kitu ni mama.

Kibaigwa: Dah. Huyo wa chini mtafute, mkuu.

Mrangi wa Kondoa: Ndiye aliyesimamia harusi yangu.

Makambako: Baridi, Dodoma? Njooni kwetu Juni.

Kizota: Umewahi kulala bwenini huku na ule upepo? Basi.

Msandawe: Hiyo michoro ya Kolo ni ya wazee wetu, mseme.

Kibaigwa: Ipi? Myekundu ndiyo ya kale, myeupe imekuja baadaye, ya wakulima. Tangu 2006 ni urithi wa dunia, wewe unataka iwe ya ukoo.

Msandawe: Nimesema myekundu. Soma vizuri.

Nesi wa Mpwapwa: Kwa wenye watoto wa hivyo: mara nyingi ni jambo la ukoo, muulizeni baba yake. Mchana anywe maji vizuri, jioni apunguze. Msimpige.

Makambako: Kwetu mtoto alikatiwa uji wa jioni, akapona.

Nesi wa Mpwapwa: Alikua tu, ndugu yangu.

Mama Zabibu: Mrangi, umenitoa machozi. Wangu naye ni hivyo hivyo. Nilimkunjia nailoni chini ya ndoo, sikumwambia. Nimpigie patroni?

Kibaigwa: Piga sasa hivi.

Mrangi wa Kondoa: Usipige, mama. Nailoni ataiona.

Kizota: Piga, ila mwambie patroni mtoto asijue.